Saiti Dodoma, kiangazi, chekechea ukutani: vumbi unalipangaje?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni fomeni, tunaanza hosteli ya ghorofa tatu hapa Dodoma, kiwanja ni mita 30 kwa 40, kazi inaanza mwezi wa saba. Kwanza tunabomoa nyumba ya zamani iliyopo, ya miaka ya 70 hivi, ina bati zile nene za kijivu, halafu tunachimba msingi. Upande wa magharibi tumepakana ukuta na chekechea, mbele kuna barabara ya vumbi na mama ntilie wawili. Saiti iliyopita majirani walilalamika mpaka basi japo nilikuwa namwaga boza la lita elfu kumi kila asubuhi, hela ikaisha na vumbi likabaki. Bosi anasema safari hii tumwage oili chafu maana inakaa. Mafundi wanasema vumbi wameshalizoea, wapewe tu maziwa kila Ijumaa yasafishe kifua. Nikitaka kulipanga hili kabla ya kazi naanzia wapi, na barakoa za hospitali zinatosha?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili na lililonifurahisha ni hilo neno "kabla", maana wengi wananitafuta wakati kijiko kishachimba, jirani keshafika kwa mwenyekiti wa mtaa na hela ya maji imekatika, hapo hata ushauri mzuri unakuwa umechelewa. Umeuliza maji, oili, maziwa na barakoa na yote nitayajibu, ila naomba nianze na kitu ulichokigusa kwa kupita tu, hizo bati nene za kijivu.

Bati nene la kijivu kwenye nyumba ya miaka ya 70, lenye mawimbi makubwa, ukiligonga linalia kama kigae, na pale lilipovunjika ukiangalia karibu unaona vinyuzi vimechomoza kwenye simenti, hilo lichukulie ni la asbesto mpaka maabara iseme vinginevyo. Ni simenti iliyochanganywa na nyuzi za asbesto, mara nyingi asilimia 10 mpaka 15 ya uzito. Likiwa zima juu ya paa halina neno kubwa kwa anayelala chini yake. Balaa linaanza siku vijana wanapanda na nyundo, wanavunja, wanatupa chini, mwingine anakata kwa grainda, hapo nyuzi ambazo jicho haliwezi kuziona zinaingia hewani na aliyezivuta hasikii chochote siku hiyo wala mwaka huo. Kansa ya mapafu na ile ya utando unaozunguka mapafu huja baada ya miaka 20, 30, hata 40. Sasa upande wa pili wa ukuta wako kuna watoto wa miaka minne, watakuwa na miaka mingapi hiyo 40 ikifika? Kwahiyo kwa hizo bati usitafute ushauri wa mtandaoni wa namna ya kubomoa, hata wangu, nenda ofisi ya OSHA, wale wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, wote wako hapo hapo Dodoma, waeleze una paa unalolishuku, kipande kipimwe, na kikithibitika zishushwe na watu wenye vifaa na zizikwe panaporuhusiwa. Na tafadhali usimpe mtu akajengee banda la kuku, usikubali zipondwe zijaze jamvi, nimeshaona vyote viwili. Najua hili linaweza kukusogezea kazi mbele wiki kadhaa na bosi hatafurahi. Mwambie hivyo hivyo nilivyokwambia.

Haya, tukishavuka paa twende kwenye vumbi lenyewe, na hapa nataka uelewe linaruka vipi kwasababu ukishaelewa hilo nusu ya mpango unajiandika wenyewe. Watu wengi wanadhani upepo unachota vumbi kama unavyochota gazeti. Sivyo hasa. Unga mwembamba kabisa wa udongo umeng'ang'ania chini, upepo peke yake unapata shida kuubandua. Kinachobandua ni chembe kubwa za mchanga, zile unazozisikia zinakuchoma miguuni upepo ukivuma, zinaruka kidogo zinadondoka zinaruka tena, na kila zikidondoka zinagonga chini kama mvua ya mawe na kurusha ule unga mwembamba juu, ukishapanda ndo upepo unauchukua mpaka kwa jirani. Kwahiyo ardhi iliyotulia, yenye gamba lake juu au nyasi kavu zake, haitoi vumbi sana hata upepo ukiwa mkali. Ardhi iliyokwanguliwa ndo inatoa. Na tairi la lori linafanya kazi zote mbili kwa mpigo, linasaga udongo kuwa unga halafu ule mvuto wa hewa nyuma ya lori unaunyanyua, na kadri gari linavyoenda kasi ndivyo vumbi linavyoongezeka.

Kutokana na hapo tu una maamuzi matatu ambayo hayana gharama ya maana. La kwanza, usikwangue kiwanja chote siku ya kwanza. Najua ndo desturi, kijiko kinakuja kinasafisha mita za mraba 1,200 zote "ili eneo lionekane", halafu nusu yake inakaa uchi miezi mitatu bila kazi. Kwangua unapochimba tu, kwingine acha majani na miti, hasa ile mistari ya miarobaini kama ipo upande wa chekechea, usiiguse mpaka mwisho. La pili, spidi ndani ya saiti isizidi kilomita 10 kwa saa, kama mtu anakimbia polepole, na dereva wa tipa aambiwe getini. La tatu, kifusi cha msingi kisilundikwe kikasahaulika. Panga kabla ni kiasi gani kitarudi kujaza na kingine kiondoke siku hiyo hiyo kinapochimbwa, maana kila unapokihamisha mara ya pili unalipa vumbi mara ya pili.

Sasa maji. Boza lako la lita 10,000, tuseme saiti ile ilikuwa mita za mraba 1,200 kama hii, ni karibu milimita 8, yaani ulikuwa unanyeshea saiti yako mvua ya kweli kila asubuhi, kwenye mji ambao mwaka mzima unapata kama milimita 550 mpaka 600 na karibu zote zinaanguka kati ya Desemba na Aprili. Halafu kufika saa saba mchana jua na upepo vimeshakausha juu. Nakuonyesha kilichotokea pale, na nadhani utakikumbuka: asubuhi palikuwa na tope, malori yakapita, tope likabebwa na matairi mpaka barabarani mbele ya mama ntilie, likakauka, likasagwa na bajaji na bodaboda, na jioni majirani wakala vumbi ambalo asubuhi lilikuwa ndani ya uzio wako. Walilalamika kwa haki kabisa na wewe ulikuwa unasema kweli kwamba umemwaga maji.

Maji kazi yake ni kugandisha chembe ziwe nzito zishikane, na kwa hilo yanatosha kidogo tu, nusu lita mpaka lita moja kwa mita ya mraba, ila mara kwa mara na mahali panapopita gari au panapochimbwa. Njia yako ya malori tuseme ni mita 6 kwa 35, hiyo ni mita za mraba 210. Kwa nusu lita ni lita 105 kwa mzunguko, ukifanya mizunguko mitano kwa siku ni lita 525. Weka na ya sehemu inayochimbwa na ya kifusi, hata ukifika lita 2,000 kwa siku bado ni moja ya tano ya boza lako. Kinachotakiwa badala ya boza ni tenki, pampu ndogo, mpira wenye kichwa cha kunyunyiza, na kijana mmoja ambaye kazi yake ni hiyo na anajua saa zake. Akimwaga mpaka maji yanatuama amezidisha.

Jambo lingine la maji, lowesha kabla ya kugusa, usisubiri vumbi lipande ndo ulikimbize na mpira. Tone kubwa la maji likipita hewani linasukuma hewa mbele yake na zile chembe ndogo zinapita pembeni na hewa, hazigusani kabisa, zinazodondoka ni kubwa tu ambazo zingedondoka zenyewe. Kwahiyo sehemu ya kuchimba kesho iloweshwe leo jioni, jua limeshaingia, maji yazame taratibu, asubuhi kijiko kinakuta udongo una unyevu mpaka ndani. Wakati wa kubomoa kuta, hilo baada ya suala la paa kwisha, mpira uwe unamwagia pale pale kinapovunjikia.

Oili chafu hapana, na hapa nakuomba umkatalie bosi waziwazi. Ni kweli inakaa, vumbi linatulia. Lakini oili iliyotoka kwenye injini imebeba metali na masizi yenye sumu, mvua ya kwanza ya Desemba inaisukuma kwenye mtaro na nyingine inazama, na mji wa Dodoma unakunywa maji ya visima vya Makutupora, ni mji wa maji ya chini ya ardhi huu. Juu ya hilo watoto wa jirani na vibarua wanaoshinda pekupeku wataigusa kila siku, na NEMC wakikukuta hutakuwa na maelezo. Kuna wanaoshauri chumvi ya kalisi na klorini (calcium chloride), ile inayovuta unyevu kutoka hewani, barabara za vumbi duniani zinatumia sana, ila hewa ya Dodoma mchana wa mwezi wa nane ni kavu mno kwa hiyo kazi yake inapungua, na kubwa zaidi ni kwamba chumvi yoyote ya klorini ni adui wa nondo, ikiingia kwenye zege lako kupitia mchanga au maji inaanza kuozesha chuma taratibu ndani ambako huoni. Kwenye saiti ya zege siipendekezi. Molasesi inagandisha vizuri, lakini inavuta nzi na una mama ntilie mbele, kwahiyo pia hapana.

Hela ambayo bosi alitaka kuiweka kwenye oili aiweke kwenye kokoto. Getini kwenda ndani, mita 10 mpaka 15 za mwanzo, mwaga kokoto kubwa za inchi moja na nusu au mbili, unene wa sentimita 15 hivi. Matairi yanapoteza udongo humo kabla ya kutoka. Njia yenyewe ya malori nayo ukiweza iwekee kokoto. Usitumie moramu peke yake maana moramu ikisagwa na malori inakuwa vumbi jekundu zaidi ya lile ulilokuwa nalo. Kokoto hazipotei, mwisho wa mradi unazikusanya unajazia parking.

Sasa chora. Chukua karatasi, chora kiwanja, weka mshale wa upepo. Dodoma kiangazi upepo mwingi unatoka mashariki na kusini mashariki, na chekechea yako iko magharibi, maana yake kila kitakachoruka kinaelekea darasani. Usiniamini kwa maneno, funga kitambaa chepesi juu ya mti mrefu pale saiti ukiangalie siku tatu nne asubuhi, saa sita na saa kumi. Ukishahakikisha, mchanga, kokoto ndogo, na lile vumbi la mawe mnalofyatulia tofali vyote viende kona ya mashariki kabisa, nyuma tu ya uzio, uzio ukate upepo na umbali usaidie chembe nzito kudondoka kabla hazijafika. Malundo yasizidi urefu wa uzio na yafunikwe turubai lililofungwa, sio lililotupiwa juu na tofali mbili. Mikisa nayo upande huo huo. Kisha stoo ya simenti, ofisi na vyoo vipange magharibi vikae kama ukuta wa pili mbele ya chekechea.

Uzio wa mabati wa mita mbili na nusu kwenda juu ni mzuri, ila usiuamini kupita kiasi, upepo ukigonga kitu kigumu unapanda juu na kushuka upande wa pili ukiwa umevurugika. Neti ya kijani yenye matundu inapunguza kasi ya upepo vizuri zaidi kwa umbali mrefu zaidi, kwahiyo upande wa mashariki unaopokea upepo ningeweka neti juu ya mabati, na jengo likianza kupanda neti izunguke jukwaa upande wa watoto. Vyote hivyo vinapunguza vumbi kubwa linaloonekana. Lile dogo linapita.

Ratiba pia ni sehemu ya mpango. Asubuhi mapema Dodoma hutulia, upepo unashika kuanzia kama saa nne tano kwenda mchana. Kuchimba na kupakua mchanga kufanyike saa moja mpaka saa tatu na nusu, na Jumamosi. Nenda kwa mwalimu mkuu wa chekechea muulize watoto wanatoka nje kucheza saa ngapi na wanalala saa ngapi, uandike, tipa zisiingie saa hizo. Kama vibali vitawahi, kubomoa na kuchimba ungekusogeza kwenye likizo ya mwezi wa sita, ungekuwa umemaliza zaidi ya nusu ya tatizo la jirani bila kununua kitu. Mtoto mdogo anavuta hewa nyingi zaidi kwa kila kilo ya mwili wake kuliko wewe na mimi, na pua yake iko karibu na ardhi, huyo ndo kipimo chako.

Nije kwenye kitu ambacho majirani hawatakilalamikia kamwe na ndicho kinachoniumiza roho kuliko vyote, vumbi la kukata. Lile wingu la tipa linatisha kwa macho lakini sehemu kubwa ni chembe nene zinazonaswa puani na kooni, unapenga unatema. Fundi akikata zege, tofali la simenti, au akiparua ukuta kwa grainda ili apitishe bomba, anatengeneza vumbi la silika, jiwe la kwatsi lililosagwa mpaka chini ya mikroni 4 au 5. Unywele wako ni kama mikroni 70. Hilo halinaswi puani, linafika mwisho kabisa kwenye vifuko vya hewa. Na sisi Dodoma tumekaa juu ya graniti, mchanga wetu na kokoto zetu zimejaa kwatsi. Kule ndani ya pafu kuna seli za ulinzi zinazokula uchafu, zikiila silika zinakufa, nyingine zinakuja zinaila nazo zinakufa, na kila mara panabaki kovu, pafu linakuwa gumu kama sponji lililokauka. Ndo silikosisi. Haina dawa, na kovu linaendelea hata mtu akiacha kazi. Tangu 1997 shirika la utafiti wa saratani la WHO limeiweka silika ya namna hii kwenye kundi la kwanza la vinavyosababisha kansa. Na mwenye silika mapafuni anashikwa na kifua kikuu kirahisi zaidi, wachimbaji wa Mererani wanalijua hilo kwa uchungu.

Kiasi chenyewe ni kidogo mno. Marekani tangu sheria yao ya 2016 mfanyakazi asizidishe mikrogramu 50 za silika kwa mita ya ujazo ya hewa kwa shifti ya saa 8. Kwa shifti mtu anavuta kama mita za ujazo 10, hiyo ni nusu miligramu ya silika kwa siku nzima, punje chache za chumvi ya mezani. Miaka ya 1930 na 1931 huko West Virginia walichimba handaki kwenye mwamba wa silika, wakachoronga kavu ili kazi iende haraka, wafanyakazi wakafa kwa mamia, wengi wao watu weusi waliokuwa wanatafuta kibarua tu, na wengine hawakumaliza hata mwaka.

Mimi nilimuona mmoja wetu. Saiti moja, sitaitaja, kijana wa miaka thelathini na kidogo, fundi mzuri sana wa kukata mawe ya sakafu, miaka sita kazini, tulikuwa tunapanda ngazi kwenda ghorofa ya kwanza akasimama katikati akashika ukuta, akaniambia tangulia tu bosi nakuja. Nikadhani ana mafua. Alikuwa amefunga kitambaa cha jezi mdomoni, na kwenye kile kitambaa mbele ya pua palikuwa na duara jeupe la unga lililoloa kwa pumzi. Lile duara ndo vumbi lililonaswa. Lililopita halikuonekana.

Kwahiyo hapa panga hivi. Cha kwanza kabisa, punguza kukata. Kaa na fundi umeme na fundi bomba kabla tofali halijapandishwa, mabomba ya waya yapite ndani ya tofali wakati wa kujenga na matundu ya maji yaachwe kwenye zege kwa kuweka mabomba kabla ya kumwaga. Kila mita ya ukuta usiyoiparua ni vumbi ambalo halikuzaliwa. Tofali za nusu ziagizwe zikiwa nusu kutoka zinakofyatuliwa, au zigawanywe kwa tindo na nyundo, inatoa vumbi dogo sana ukilinganisha na grainda.

Pale ambapo lazima mkate, kateni kwa maji. Msumeno wa petroli wenye mfereji wake wa maji unataka kama nusu lita kwa dakika pale kwenye diski, na mashine ya kukatia malumalu yenye beseni la maji inatosha kazi za ndani. Lakini naomba hili ulisikie vizuri, usimruhusu mtu amwagie maji ya chupa kwenye grainda ya umeme ya kawaida. Nimeona wanafanya sana, mmoja anakata mwingine anamwagia, grainda ile haikutengenezwa kukutana na maji na umeme hausamehi. Grainda ya umeme inataka kifuniko cha kunyonya vumbi kilichounganishwa na vakyumu yenye filta ya HEPA, ile inayonasa hata vumbi dogo kabisa, kama bajeti haifiki hapo kodisha kwa siku za kukata na uzikusanye siku hizo pamoja. Kufagia kavu pia marufuku, lowesha kwanza kidogo, koleo na ufagio ulioloa, na mtu asijikung'ute ovaroli kwa kompresa.

Barakoa za hospitali hazitoshi. Zile zimetengenezwa kuzuia mate ya anayevaa yasimfikie mgonjwa, pembeni ziko wazi na hewa inapita huko huko. Anayekata au kubomoa anahitaji barakoa ya kuchuja vumbi ya daraja la N95 au FFP2 kwa uchache, FFP3 kama zinapatikana, zenye mikanda miwili ya kupita nyuma ya kichwa. Avae, abonyeze chuma cha puani, aweke viganja juu yake apulize kwa nguvu, akisikia hewa machoni au mashavuni haijakaa. Ndevu zinaharibu kila kitu, barakoa haiwezi kushika juu ya ndevu, kwahiyo mwenye ndevu asiwe ndo mkataji. Haifuliwi, haiazimwi, ikichafuka au kupumua kukiwa kugumu inatupwa. Na bado barakoa iwe ya mwisho kwenye mpango wako, joto la Dodoma saa nane mchana mtu ataishusha kidevuni, ni binadamu.

Maziwa. Najua imani hii tumekua nayo wote, viwandani, machimboni, hata wapaka rangi, na wanaoamini hawana ubaya wowote. Ila maziwa yanapita koo la chakula yanaenda tumboni, hayakutani na mapafu mahali popote. Mapafu yana usafi wake, vinyweleo na ute kwenye njia za hewa vinasukuma uchafu juu mpaka unautema, lakini lile vumbi dogo la silika limeshapita chini ya hapo. Wape maziwa kama chakula, watafurahi na ni lishe nzuri, lakini waambie ukweli kwamba hayasafishi kifua, kwasababu fundi anayeamini kesho atasafishwa na maziwa leo hatavaa barakoa. Na "tumezoea" vilevile. Anayezoea ni koo, linaacha kukohoa kila mara. Pafu lenyewe halizoei, linaendelea kuharibika kimya kimya.

Ukitaka kujua kama mpango unafanya kazi, fanya vitu viwili vya bei rahisi. Weka sahani nyeupe bapa juu ya ukuta wa chekechea asubuhi, jioni pitisha kidole, piga picha, kila siku, mwezi ukiisha una kumbukumbu ambayo hata afisa akija unamuonyesha. Kingine, jioni giza likiingia siku ya kukata, washa tochi kali upande wa pili wa fundi ikuelekee wewe, ila kitu kikinge balbu isikupige machoni, utaona mwanga umejaa chembe zinazoelea pale ambapo mchana uliapa hewa ni safi. Waite mafundi waone wenyewe. Ninajua mafundi wabishi waliobadilika zaidi kwa dakika mbili za tochi kuliko kwa semina yangu ya saa mbili. Na andika namba ya simu yako kwenye kibao getini, nenda na mwenyekiti wa mtaa ujitambulishe kwa majirani na hao mama ntilie kabla ya tipa ya kwanza. Kama mna uwezo wageuzieni meza zao upande mwingine au muwajengee kibanda chenye kuta, hela yake ni ndogo na chakula kinachoingia mchanga hakiuziki.

Kuhusu msaada wa ana kwa ana. Saiti isajiliwe OSHA kama mahali pa kazi, ni matakwa ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na mkifika kazi za kukata nyingi waombeni wapime vumbi, kuna kipampu kidogo fundi anakivaa kiunoni shifti nzima, hicho ndo kinasema kweli. Fundi yeyote mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi, anayepungua uzito, anayetoka jasho usiku, mpeleke akapime kifua kikuu, vituo vya serikali vinapima na kutibu bure. Anayeishiwa pumzi kwenye ngazi alizokuwa anazipanda zamani aende hospitali ya rufaa apigwe picha ya kifua na amwambie daktari waziwazi kazi yake ni ipi na kwa miaka mingapi, maana asiposema watamtibu TB peke yake miezi sita na tatizo jingine libaki. Na mtoto wa chekechea mwenye pumu akizidiwa wakati mnachimba, simamisha kazi siku hiyo kwanza, maelezo baadaye.

Kwa sasa lipige picha hilo paa ukiwa chini, usipande, nenda nayo OSHA Jumatatu. Mchoro wa kiwanja wenye mshale wa upepo nitumie ukishaangalia kile kitambaa siku nne, nikuangalizie mikisa na malundo yamekaa wapi.